Vyura wa Ndivani

Asteria hakuwa mtu wa kinyaa. Mwanamke anayekoroga samadi na mkojo wa ng'ombe kwa mkono mtupu huku akiimba, kinyaa atakitoa wapi? Majirani walimwita Mama Samadi, naye akaitika kwa raha zake. Lakini asubuhi ile aliposimama ukingoni mwa ndiva, lile bwawa la udongo linalojaa maji ya mlimani usiku ili mashamba yanyweshwe kwa zamu, alirudi nyuma hatua mbili, kaziba pua.

Vyura walielea chali, matumbo meupe yamevimba. Juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa kama mafuta ya gari. Na ile harufu! Dawa ya wadudu, ile inayokaba koo. Mtu alikuwa ameoshea humo bomba la kupulizia.

Zamu ilikuwa yake, na mfereji alishaufungua. Alikimbia kuuziba kwa matope, lakini tangawizi ya matuta ya chini ilikuwa imeshakunywa. Na kesho ndiyo siku ya mnunuzi kutoka Moshi, anakuja kuona kama kikundi chao cha kilimo hai hakitumii dawa kweli. Akikuta doa, kikundi kizima kinatupwa nje, na Asteria atakuwa amevumilia kuchekwa miaka yote bure.

Siku hiyo hiyo alikuwa na msaragambo. Majirani walikuja na majembe kumlimia, kama yeye alivyowalimia wao, na kwa kawaida hakuna alichokipenda kama hicho: umbea shambani, vicheko, nyumba kufurika hadi watu wanakalia ndoo. Leo aliwaambia tu wachote maji ya kunywa chemchemini. Macho yake yakawa yanapita uso kwa uso.

Mchana akapakua makande na mchicha. Wa kwanza kunyoosha sahani alikuwa shemeji yake Tumainieli, mwenyekiti wa kikundi, mwenye shati jeupe na mahubiri ya udongo safi.

"Mchicha unaupita, mwenyekiti?" aliuliza Ernesta, jirani asiyepitwa na kitu.

"Tumbo, mama. Leo haliko sawa."

"Tumbo gani hilo, na makande ni sahani ya tatu?"

Watu wakaangua kicheko. Asteria hakucheka. Alimwona Tumainieli akibana kwa vidole viwili jani lililoangukia makande yake, akaliweka pembeni kama nzi. Karibu naye watoto wa Ernesta walikuwa wanakomba mboga hiyo hiyo hadi kulamba sahani. Tumainieli aliwatazama, akatafuna, akameza.

Asteria akaweka mwiko chini.

"Kula, shemeji," alisema. "Huo nimeuchuma jana. Haujaonja maji ya leo."

"Maji ya leo yana nini?" aliuliza Ernesta.

"Muulize anayeyaogopa."

Tumainieli alijifuta mdomo. "Wale wadudu wa kantangaze walikuwa wananimalizia nyanya, jamani. Nimepuliza mara moja. Nikasuuza bomba kidogo tu..."

"Ukatuangalia tunakula," alisema Ernesta. "Ukawaangalia wanangu." Akawavuta watoto na kutema mate chini, mbele ya viatu vya mwenyekiti.

Tumainieli akainua mikono. "Nisikilizeni. Mgeni ni kesho. Vyura tuwafukie, maji yatajisafisha yenyewe. Tukinyamaza, nani atajua?"

Wote wakamgeukia Asteria. Shamba lilikuwa lake, na neno la mwisho pia. Ilikuwa rahisi kabisa: afunge mdomo, auze. Akaliangalia lile jani kwenye ukingo wa sahani ya shemeji yake.

Aliinuka, akashuka kwenye matuta ya chini, akang'oa shina la kwanza la tangawizi, changa, lenye harufu tamu ya kuchoma. La pili. La tatu.

"Kesho atakuta matuta matupu," alisema bila kugeuka. "Nitamwambia kwa nini, na nitamtaja aliyefanya. Akitutupa, atutupe."

Ernesta akapandisha kanga akamfuata, na wengine nyuma yake. Ule msaragambo wa kulima ukawa wa kung'oa. Tumainieli alibaki amekaa na ndoo tupu kila upande.

Jioni Asteria alinawa kwa sabuni, akanusa viganja. Harufu ya sumu bado ilikuwapo. Akatumbukiza mikono kwenye pipa la samadi hadi viwiko, akanusa tena.

"Afadhali," alisema.