Kupigwa na Upepo

Mwalimu Desanka alikuwa ameonywa: fundisha afya upendavyo, lakini usithubutu kufungua dirisha na mlango kwa pamoja, watoto wakapigwa na upepo wakaugua. Akafungua vyote. Darasa la saba lilikuwa linanuka soksi, na somo la siku hiyo lilikuwa mapafu.

Kesho yake Slavica, mama yake Jagoda wa darasa hilo, aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu akimfokea Desanka aliyekuwa ameitwa humo, huku akimburuta binti yake aliyezongwa skafu mbili shingoni.

"Unataka kuniulia mtoto, wewe! Umemkalisha kwenye upepo, sasa anakohoa!"

"Upepo haujamuua mtu, mama."

"Shangazi yangu alipinda mdomo kwa upepo! Kwani kwenu hamkufundwa?"

"Tulifundwa, na shule tukapelekwa."

Mwalimu mkuu Radovan aliwasihi wapoe, akawamiminia kahawa. Slavica akatoa sigara, Radovan akamwashia, kisha akawasha na yake. Chumba kilikuwa kimefungwa kila upande; punde moshi ukatanda. Jagoda akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Umeona? Upepo wako huo!" Slavica alimnyooshea Desanka kidole chenye sigara.

Desanka akainuka kwenda dirishani. Radovan akamwahi, akalikinga kwa mgongo. "Mwalimu, acha ukatili. Huoni mtoto anaumwa?"

Jagoda akazifungua skafu, akazitupa mapajani kwa mama yake.

"Nakwenda darasani," alisema. "Jana kwenye upepo sikukohoa hata mara moja."