Vigoda vya Gredi ya Sita

Jumanne, baada ya uji wa saa nne, Mwalimu Omariba aliwagawia wanafunzi wa Gredi ya Sita vitabu vipya vya historia, kitabu kimoja kwa watoto watatu. Sura ya nne ilihusu falme zilizoanguka. Alisoma kwa sauti: "Ufalme mdogo wa milima hii ulianguka. Wachache waliokuwepo walihama kwa hiari yao, na ardhi iliyobaki tupu ikapandwa chai."

Aliposema "ulianguka", kigoda cha miguu mitatu kilianguka kutoka juu, kikatua mbele ya ubao. Mabati hayakutoboka. Mwalimu alikigusa. Kilikuwa na joto, kama kigoda ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Alirudia sentensi ili watoto wainakili, kikaanguka cha pili.

"Mwalimu, kikota kingine!" mtoto mmoja alipaza sauti.

"Kigoda," alisema Omariba, ambaye ni Mkisii. "Nyinyi Wakipsigis mtajua lini kusema g?"

"Siku utakayosema ufalme, mwalimu, si ufarume," alijibu Winny kutoka nyuma. Darasa zima lilicheka, mwalimu akiwemo.

Shule hiyo ya karibu na Roret ilikuwa na upungufu wa madawati, kwa hiyo sentensi ile ilisomwa tena na tena. Kufikia Alhamisi asubuhi vigoda vilikuwa arobaini. Kila kimoja kilikuwa na alama iliyochomwa chini ya kikalio. Wazee walikuja, wakazitambua alama hizo moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa za familia zilizopakiwa kwenye malori ya mkoloni na kupelekwa mbali, nchi ya mbu.

Chepkemboi, mpishi wa shule, alimpelekea habari nyanya yake, Kogo Taprandich. Kogo aliondolewa katika milima hii akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sasa alikuwa amedai shamba la baba yake, lile lililo chini ya chai. Kamati ya madai huko Bomet ilimtaka alete kitu kimoja cha kuonyesha kwamba baba yake aliishi pale, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Hakuwa na kitu. Nyumba ilichomwa na vyote vilivyokuwemo.

Kogo alifika darasani na fimbo yake, akapindua vigoda vyote arobaini. Cha baba yake hakikuwepo.

"Na hiki kitabu kinasema ufalme," alisema. "Ufalme gani? Sisi hatukuwa na mfalme. Tulikuwa na mzee wa kuulizwa. Mfalme anaamuru. Wetu aliulizwa, akajibu, kila mtu akaenda kwake."

"Nisome tena, Kogo?" aliuliza Omariba.

"Wewe umesoma vya kutosha. Asome wa nyumba yangu."

Chepkemboi aliacha shule Darasa la Tano, na hakuwahi kusoma mbele za watu. Alifuta mikono kwenye aproni, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma silabi kwa silabi, masikio yakimwaka. Alipofika "u-li-a-ngu-ka", kigoda cha arobaini na moja kilitua miguuni pa Kogo. Chini yake palikuwa pamechomwa alama ya pembe mbili za ng'ombe na mstari mmoja. Kogo aliifunika alama hiyo ya baba yake kwa kiganja, akabaki hivyo mpaka kengele ya chakula.

"Umesoma vizuri," alisema.

Siku iliyofuata, huko Bomet, afisa wa kamati alimpa Kogo kiti pekee kilichokuwemo ofisini. Alikipima kigoda kwa rula, akaandika.

"Bado kina joto," alisema.

"Ndiyo," alisema Kogo.

"Shida ni moja, shosho. Vigoda vya kuanguka darasani havina karatasi. Na kitabu kilichoidhinishwa kinasema mlihama kwa hiari." Alikitoa kitabu kwenye droo, kilekile, akafungua sura ya nne. Kisha akavuta kigoda ili aketi amalizie fomu.

"Usikikalie," alisema Chepkemboi. Sauti yake ilisikika mpaka nje. "Kina mwenyewe. Ametoka kidogo tu."

Afisa alikigusa tena kikalio. Alikirudisha mahali pake taratibu, akaandika akiwa amesimama. Akiwa amesimama vilevile, akapiga muhuri: dai limekataliwa.

Kogo aliikunja barua, akaitia kwenye kikapu. Chepkemboi alibeba kigoda mbele yake kwa mikono miwili, bila kuinamisha kichwa. Kwenye ukumbi, watu waliokuwa wakingoja kwenye mabenchi walisimama mmoja mmoja. Wanaume walivua kofia. Mzee mmoja aliyeshika bahasha ya madai yake alikisalimu kigoda kilipompita.

"Chamgei," alisema.

"Chamgei mising," Kogo aliitikia kwa niaba ya baba yake, na wote wakabaki wamesimama mpaka kilipotoka nje ya lango.