Safu ya Saba Iko Wazi

Mchimba makaburi aliingia ofisini na udongo magotini, karatasi mkononi. Kwenye kompyuta alikaa bintiye wa kumzaa, fundi wa programu, aliyepewa kazi ya kuwapa marehemu wote namba mpya.

"Mwanangu, karatasi yako inasema safu ya saba iko wazi. Kuna maziko adhuhuri."

"Basi chimba, baba."

"Nichimbe wapi? Mle nimelaza watu kwa mikono yangu. Au wamehama bila kuniaga?"

Karani wa ofisi, kwenye meza ya pili, alicheka hadi chai ikampalia. Binti hakucheka. Alifungua orodha ya watu: wote kumi na wanne wa safu ya saba wamo, na namba mpya. Akafungua orodha ya makaburi: tupu.

Jana alianza na safu hiyo kama majaribio. Haongei na hifadhidata, ghala la orodha zote, ana kwa ana. Ana programu ya kati, mkalimani wake. Alimwambia mkalimani abadilishe namba. Lakini kwa mkalimani, namba ndiyo mtu. Akiona namba mpya, anaandika mtu mpya, na wa zamani anamwacha palepale na kaburi lake. Binti alipoona majina yamejirudia, akafuta ya zamani, akajisifu kwa usafi. Na anayefutwa huondoka na vyote vilivyofungwa kwenye namba yake, hata kaburi.

"Ilitakiwa nihamishie makaburi kwenye namba mpya kwanza, ndipo nifute," alisema.

"Nakala ya akiba?" karani akauliza.

"Ya mwezi uliopita. Watatu waliozikwa baada yake hawamo."

Baba alikunja vidole. "Bibi wa mikeka, penye kona. Yule dereva, ubavuni kwake. Wa tatu... Yule mtoto. Siku ile nilikuwa na homa, alichimba kibarua. Mvua imesawazisha kila kitu, mwanangu."

Karani alisukuma simu mezani, kisha akairudisha. "Nimpigie mama yake mimi?"

"Hapana." Binti alipiga mwenyewe. "Mama, napiga kutoka ofisi ya makaburi. Naomba uje utuonyeshe alipo mwanao. Nimempoteza mimi, kwenye kompyuta."

"Yeye hajapotea," sauti ikasema. "Nakuja. Msichimbe."

Mama huyo alifika kabla ya adhuhuri. Hakumsalimia mtu. Alipita kati ya matuta ya makaburi, akasimama penye udongo mtupu, akavua viatu. Mchimba makaburi akapigilia kigingi miguuni pake, taratibu. Binti akapiga magoti, akapima kwa futi kutoka ukuta wa makaburi, akaandika.