Juma Zima Bila Kugusa Sinki

Kwa miaka kumi na tisa Tasing aliwatukana maseneta wa nchi yake kila Jumapili, kuanzia saa nne asubuhi hadi jua lilipozama. Alikaa juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya daraja la waenda kwa miguu katikati ya Hong Kong, kati ya watumishi wa ndani wenzake waliokuja kula siku yao moja ya mapumziko, akawachambua wakubwa wa Manila kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Huyu mwizi. Yule mvivu. Yule wa tatu, hata mama yake mzazi asingemwachia funguo za kabati.

Jumapili hiyo alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa yule wa tatu pale Jovelyn, mdogo kuliko wote kwenye boksi, alipomuuliza bila nia mbaya yoyote:

"Dada Tasing, hivi uchaguzi uliopita ulimpigia nani?"

Tasing akajaza pansit mdomoni. Akatafuna. Tambi zile laini akazitafuna kama ngozi ya ng'ombe.

"Usiniambie," akasema Chayong.

Chayong alikuwa rafiki yake tangu siku za wakala aliyewaleta kazini Hong Kong. Alikuwa na mgombea wake anayempenda kwa dhati, na kwa miaka sita hajapata kumaliza sentensi moja ya kumsifu, maana Tasing humkatiza katikati.

"Nilikuwa na shughuli," Tasing akasema.

"Miaka kumi na tisa?"

"Madamu alikuwa na wageni."

"Kumbe hata hujajiandikisha!" Chayong akapiga magoti yake kwa viganja viwili. "Mnamwona huyu? Anatusomesha siasa na jina lake halimo hata kwenye daftari! Basi sikilizeni. Kuanzia leo, asiyejiandikisha hana ruhusa ya kuongea siasa juu ya boksi hili. Nani ananiunga mkono?"

Mikono sita ikainuka. Wa Jovelyn ulichelewa kidogo, lakini nao uliinuka.

"Sasa mimi niongee nini?" Tasing akauliza.

"Ongea nywele."

Akaongea nywele. Dakika nne, akaishiwa. Akakaa akiwasikiliza wenzake wakimjadili makamu wa rais, tena wakikosea kila kitu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Alipofungua mdomo kusahihisha, Chayong akainua kidole tu. Kabla ya saa nane Tasing alikuwa ameshanyanyuka na pasipoti yake mkononi. Ukumbi wa kujiandikisha kwa wapiga kura walio ng'ambo ulikuwa mtaa wa pili, na zoezi lenyewe lilikuwa linafungwa Jumapili inayofuata. Chayong akamfuata nyuma, kama shahidi, ili asije akadanganywa.

Fomu aliijaza. Picha akapiga, bila tabasamu, kama alivyoagizwa. Kisha mwandikishaji, Bi Arceli, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamwambia aweke kidole gumba juu ya kioo cha mashine. Mashine ikalia. Akaweka cha kushoto. Ikalia tena. Vya shahada vyote viwili vikafuata, na mashine ikalia kwa kila kimoja, kwa sauti ya kitoto kilichonyimwa titi.

Bi Arceli akavaa miwani, akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Ya ndani, kama wote. Naosha."

"Unaosha na nini?"

"Klorini. Madamu anapenda nyumba inuke hospitali."

"Basi umejiosha na wewe mwenyewe. Hapa hamna mistari, ni laini kama kijiko."

Chayong akachungulia. "Shoga, na vidole hivyo ungeiba benki, nani angekukamata?"

Jovelyn, aliyekuwa amewafuata, akapendekeza avipulizie pumzi. Mama mmoja kwenye foleni akatoa mafuta ya nywele. Mwingine akasema vipakwe ndimu, mwenzake akamwambia ndimu ni ya samaki. Wakajaribu vyote, pamoja na ndimu. Mashine ikalia kila mara, na foleni nyuma yao nayo ikaanza kulia.

"Pumzisha mikono," Bi Arceli akamwambia. "Juma zima usiguse maji wala dawa. Ngozi itajirudisha. Uje Jumapili kabla ya saa kumi na moja. Ikipita hapo, mpaka uchaguzi mwingine."

Mtumishi wa ndani, juma zima, asiguse maji! Tasing alirudi nyumbani akihesabu masufuria kichwani. Jumatatu alijaribu glavu, lakini jasho lilimkunja vidole kama zabibu kavu. Akazivua, akasimama mbele ya sinki lililojaa vyombo, akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima.

"Mbona umesimama kama nguzo?" ikauliza sauti nyuma yake.

Alikuwa Bibi Kwok, mama mkwe wa Madamu, mwanamke wa miaka themanini na minne. Tangu alipounguza chungu kimoja, mwaka juzi, Madamu alikuwa amempiga marufuku kukanyaga jikoni. Siku nzima aliketishwa mbele ya televisheni, amefunikwa miguu, akionyeshwa watu wengine wakipika.

Tasing akamweleza kwa Kikantoni chake cha sokoni: vidole, mashine, Jumapili. Bibi akasikiliza, macho yakianza kung'aa.

"Kwa hiyo ukiosha hivi vyombo huchagui rais?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na usipoviosha, nani ataviosha?"

Hakungoja jibu. Alikwishakunja mikono ya sweta.

Ikawa hivyo siku zote. Madamu akishatoka kwenda kazini, Bibi huingia jikoni kama jenerali aliyerudishiwa kambi yake. Tasing akapewa kiti na chai, akanyoosha vidole vyake hewani vikauke. Aliruhusiwa ufagio na pasi, basi. Vyombo vya usiku vililoweshwa hadi asubuhi, kwa kisingizio kwamba mafuta ni mazito.

"Sahani hii nani aliiosha wiki iliyopita?" Bibi akauliza Jumatano, akiinusa.

"Mimi, Bibi."

"Uliiosha au uliibatiza?"

Alhamisi alimkosoa jinsi anavyopanga vijiko. Ijumaa akamkosoa anavyokunywa chai. Tasing alikuwa hajawahi kutukanwa kwa furaha kiasi hicho katika nyumba ile.

Jumamosi Madamu akarudi saa sita badala ya saa tisa. Akasimama mlangoni na mkoba wake begani. Mama mkwe wake, aliyepigwa marufuku, alikuwa sinkini, povu hadi viwikoni, akiimba. Mtumishi wake alikuwa kitini, miguu imenyooka, kikombe mkononi.

Tasing aliwaza kura yake, kisha akawaza mkataba wake, akaona vyote viwili vinakwenda na maji ya povu.

"Tasing," Madamu akasema taratibu, "nieleze."

"Mimi nimemkataza kugusa maji," Bibi akadakia bila kugeuka. "Anapumzisha vidole. Anachagua rais wa nchi yake."

"Nchi yake ina rais wake. Nyumba hii nayo ina wake, na ni mimi!"

"Uliyechaguliwa na nani?"

Madamu akaweka mkoba chini. Akasogea, akaushika mkono wa Tasing, akautazama chini ya taa ya jiko. Akaupapasa kwa kidole gumba chake, kwanza haraka, kisha polepole. Aliutazama mkono ule muda mrefu kuliko alivyoutazama katika miaka yote aliyokuwa akipokea chai kutoka mkono huo.

"Maliza hizo glasi, Mama," akasema hatimaye. "Na usuuze vizuri. Jumatatu kila mtu arudi mahali pake."

"Mahali pangu ndipo hapa," Bibi akajibu, akafungulia bomba kwa nguvu.

Jumapili, saa tisa na nusu, Tasing aliweka kidole gumba cha kulia kwenye kioo. Mashine ikanyamaza, kisha taa ya kijani ikawaka. Cha kushoto, kijani. Cha shahada cha kulia, kijani. Kwa cha mwisho mashine ikalia mara tatu, na foleni nzima ikanyoosha shingo. Bi Arceli akakibonyeza yeye mwenyewe, kwa uzito wa mwili wake wote. Kijani! Watu wakapiga makofi, hata wale waliomchukia wiki iliyopita.

Alirudi kwenye boksi akikimbia, ameinua risiti yake juu kama bendera. Wenzake wakampisha katikati. Chayong mwenyewe akampangusia mahali pa kukaa.

"Haya," akasema, "ruhusa umeipata kihalali. Tuambie. Utampigia nani?"

Tasing akavuta pumzi ndefu. Akafungua mdomo.

Akawapitia wagombea urais mmoja mmoja kichwani. Huyu mwizi, yule mvivu, na yule wa tatu wa funguo za kabati. Wa nne alimwita kinyonga Jumapili tatu mfululizo. Wa tano alimtukana hadi ukoo. Hakuwa amembakiza hata mmoja, na sasa mmoja wao ilikuwa lazima amchague.

Akafunga mdomo. Jovelyn akamsogezea soda, akidhani amekabwa.

"Chayong," Tasing akasema kwa sauti ndogo ambayo boksi lile halikuwahi kuisikia. "Huyo wako... hebu nieleze habari zake."

Chayong akamtazama kwa mashaka. "Hutanikatiza?"

"Sikukatizi."

Chayong akaweka sahani chini, akajifuta mikono, akakaa sawasawa. Akakohoa kidogo kusafisha koo. Baada ya miaka sita ya kusubiri, hakujua aanzie wapi.