Mizizi ya Gunia Moja

Aliyeharibu ni shangazi, tena kwa nia njema, Mungu amsamehe. Baada ya mazishi alifagia chumba cha marehemu kana kwamba kuna mpangaji anasubiri mlangoni. Akakuta magunia mawili ya mizizi mikavu, akayamimina yote katika moja. "Ya nini kujaza chumba?" akasema, na kila mtu akamshukuru.

Gunia moja lilikuwa la kutia rangi ukili wa kusukia mikeka, la pili la dawa ya tumbo. Mizizi hiyo ikishakauka ni pacha, na hata ukiichemsha, yote inatoa maji mekundu. Marehemu aliitenganisha kwa ulimi. Wa dawa ni mchungu. Wa rangi unakausha mdomo, na ole wake atakayeunywa, matumbo yatamsokota mpaka aombe kufa. Binti yake, msuka mikeka, alifundishwa hivyo tangu hajang'oa meno ya utoto.

Sasa wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Wifi, mtoto anaharisha tangu jana. Nipe ile ya mama."

"Ngoja."

Msuka mikeka aling'ata mzizi. Hakuna kitu. Akatema, akasukutua, akang'ata mwingine. Wapi! Sawa na kutafuna kijiti cha ufagio. Tangu wamzike mama yake chai ilikuwa maji ya moto tu, na chumvi ikizidi aliambiwa na wengine. Watu walimsifu: mwanamke jasiri yule, hata chozi! Ujasiri gani? Alikuwa hasikii chochote, basi.

Mtoto akalia kwa sauti nyembamba.

"Si utoe tu," wifi akasema. "Mkono wako na wa mama si uleule?"

Akachagua mmoja, akampa. Wifi akaufumbata, akageuka kuondoka.

"Lete!" Akampokonya. Akaburuta gunia zima mpaka kwenye sufuria la rangi, akalimimina lote. "Mpeleke zahanati. Sasa hivi."

"Wewe! Dawa yote ile! Umerukwa na akili?"

"Sijui ipi ni ipi, wifi."

"Mama angejua."

"Angejua. Mama amekufa."

Hakuwa amelitamka hilo tangu siku ya kuzika. Wifi alimtazama, akamkaza mtoto mgongoni, akatoka mbio.

Alibaki peke yake na sufuria.

"Mama amekufa," akarudia, aone kama itauma.

Ikauma.