Aliyeingia kwenye Akaunti ya Benadeta

Simu aliyotembea nayo Novatus ilikuwa ya marehemu mkewe, Benadeta, na aliitunza kama mtu anavyotunza chombo cha kanisa. Hakuiazima mtu. Hakupiga nayo porojo. Kila jioni aliiweka kwenye chaji ya sola kabla hata hajawasha taa ya ndani.

Sababu ilikuwa moja. Benadeta alikuwa akiongoza sauti ya pili katika kwaya ya usharika wao pale Kanoni, na kila wimbo mpya aliurekodi kwanza jikoni, peke yake, huku chungu kikichemka. Nyimbo hizo zilijihifadhi kwenye akaunti yake ya barua pepe. Fidele, fundi simu wa pale senta, alikuwa amemweleza Novatus bila kuzunguka: simu ikivunjika, nyimbo bado zipo; akaunti ikipotea, zimekwenda, na hakuna fundi wa kuzirudisha.

Neno hilo lilimkaa Novatus kooni. Kaburi la mkewe lilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na aliweza kulipalilia. Lakini sauti yake ilikuwa imewekwa mahali asipopajua, na funguo zake zilikuwa maneno.

Ndiyo maana siku ulipoingia ujumbe uliosema, "Mpendwa Mteja, akaunti yako itafutwa leo, bonyeza hapa uweke neno lako la siri," aliacha kahawa juani bila kuigeuza, akaenda kwa Fidele nusu anatembea nusu anakimbia.

"Umebonyeza?" Fidele akamuuliza.

"Ningekuwa nimebonyeza ningekuja kwako kufanya nini? Kukusalimia?"

Fidele akacheka. Babu yake alitoka Burundi kuja kuchuma kahawa ya watu, na yeye alikulia pale pale Kanoni, kwa hiyo ukali wa Novatus aliuzoea tangu utotoni. Akamwonyesha anwani ya aliyetuma, ndefu kama mkia wa nyani, imeishia na jina lisilotamkika. Akamwambia kwamba anayekuita Mpendwa Mteja hakujui, na anayekukimbiza hakutakii mema. Lakini hata anwani ikiwa nzuri, asiiamini moja kwa moja, maana nayo hughushiwa.

"Sikiliza, mzee. Ujumbe ukikutisha, usipite kwenye mlango uliofunguliwa na huo ujumbe. Toka, zunguka, ingia kwa mlango wako mwenyewe. Fungua akaunti kama unavyoifungua siku zote, nenda sehemu ya usalama, uone kama kweli ndani kumeharibika. Na neno la siri usimpe mtu anayeliomba. Wanaotunza akaunti hawaliombi."

Novatus aliielewa habari hiyo kuliko Fidele alivyotegemea. Aliwafahamu wanunuzi wa butura, wale wanaonunua kahawa ikiwa bado maua mtini. Hao huja siku una mgonjwa ndani, nao husema lori linaondoka sasa hivi, ukichelewa shauri yako. Mwenye nia safi hakukimbizi. Tangu siku hiyo kila ujumbe wa vitisho alioupata aliufuta, akiusindikiza na tusi la Kinyambo.

Kisha ukaja mwingine.

Ulimkuta shambani akikata majani makavu ya migomba. Huu haukuwa na haraka. Ulimtaja Benadeta kwa majina yake yote, ukasema akaunti yake imefunguliwa kwenye kompyuta mpya. Kama ni yeye mwenyewe aliyefungua, hana haja ya kufanya lolote. Novatus aliusoma akiwa amesimama, panga mkononi. Upole wake ulimtisha kuliko vitisho vya ule wa kwanza.

Hakubonyeza kitu. Alitoka, akazunguka, akaingia kwa mlango wake mwenyewe kama alivyofundishwa, akafika sehemu ya usalama. Na kweli ilikuwepo pale: kompyuta, hapa hapa Tanzania, leo hii. Mtu alikuwa ndani kwa Benadeta.

Fidele alipopelekewa simu na kuangalia, hakucheka.

"Huu ni wa kweli, mzee," alisema. "Na angalia, neno la siri hakulikosea hata mara moja. Huyu hakuvunja mlango. Huyu alikuwa na ufunguo."

Kama Novatus angetulia angelitafakari neno hilo la mwisho. Hakutulia. Alitaka mwizi atoke, basi. Alibonyeza mahali palipoandikwa kwamba si yeye, Fidele akamsaidia kuitoa ile kompyuta na kubadilisha neno la siri, naye akarudi nyumbani kifua kimelegea, kama mtu aliyefukuza ngedere kwenye mahindi. Usiku huo alilala vizuri.

Jumamosi Evangelina, binti yake wa pekee, alikuja kutoka Rubwera, alikokuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Alishuka kwenye boda na mkate na sabuni, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Macho yake yalikuwa yamevimba. Novatus aliona ni vumbi la barabara.

Binti akakaa mlangoni pa jiko kumenya ndizi, na baba akaketi karibu naye kumsimulia ushujaa wake. Hakuacha kitu. Alieleza alivyoutambua ujumbe wa kweli na wa uongo, alivyoingia kwa mlango wake mwenyewe, alivyomkamata mshenzi yule akiwa ndani na kumtupa nje. Alimwita fisi. Alisema laiti angemwona uso.

Kisu cha Evangelina kiliendelea kumenya ndizi iliyokwisha kumenywa.

"Mwone basi," alisema. "Mwizi wako ni mimi."

Novatus akamtazama.

Taratibu, bila kuinua uso, binti akamweleza. Akaunti ile ni yeye aliyemfungulia mama yake, na neno la siri walilichagua pamoja. Siku zote alikuwa akisikiliza nyimbo zile kwenye simu yake mwenyewe. Simu ilipokufa akajaribu kompyuta ya ofisini, saa ya mapumziko, na vidude vya masikioni, wenzake wakidhani anasikiliza mahubiri.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Nikuombe vipi, Baba? Matanga yalishaondolewa."

Hilo Novatus alilijua. Siku ya kuondoa matanga, Projestus, kaka yake mkubwa na mkuu wa ukoo, alitandaza vitu vya Benadeta kwenye mkeka: vitenge, vikapu, jembe, Biblia. Kila kitu kilitajwa, kikakabidhiwa mtu mbele ya mashahidi. Evangelina alipewa vikapu na kitenge kimoja. Simu ikabaki kwa mume, na hakuna aliyefikiri kwamba ndani ya simu kuna kitu kingine cha kugawa. Na katika ukoo wao, kilichopita kwenye mkeka ule hakiombwi tena. Kukiomba ni kukiita kifo kirudi.

Tena ni Novatus mwenyewe aliyesimama siku ile akasema asiyeridhika anyamaze, na machozi yaachwe hapa hapa. Alisema vile akiwa amewapa watu mgongo, kwa sababu yake yalikuwa yanakaribia kudondoka. Lakini mgongo hauonyeshi machozi.

"Niliona nikikuomba utasema nimerudisha msiba nyumbani," alisema Evangelina.

"Ningesema," Novatus akajibu. Hakuwa mtu wa kudanganya hata pale uongo ungefaa. "Ningesema hivyo hivyo."

"Kompyuta iliponitoa nikajaribu tena, ikakataa. Nikajua mama amefutwa. Niliomba ruhusa kwa bosi nikaenda kulia chooni."

Novatus akakumbuka usingizi wake mtamu wa usiku ule, ukamchoma. Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu mfukoni, akaiweka mapajani kwa binti yake.

"Weka ile ya Pasaka."

Kifuniko cha chungu kikagonga. Kuku akalalamika. Kisha Benadeta akaanza kuimba, akaanzia juu mno, akajicheka, akarudia chini. Katikati ya ubeti sauti nene ya mwanamume ikaingia kuuliza panga liko wapi. Benadeta akasema, "Baba Eva, wewe siku ukifa utaniuliza kaburi liko wapi," akaendelea na wimbo pale pale alipoachia.

Evangelina akacheka mpaka akaegemea bega la baba yake, na akiwa ameegemea hapo kicheko kikageuka. Novatus hakumwambia anyamaze. Hakuwahi kuufungua wimbo ule mbele ya mtu. Waliusikiliza tena, na siku hiyo chakula kilichelewa sana.

Kesho yake baada ya ibada akamwita Projestus. Mzee akafika na fimbo yake, akakuta mkeka umetandazwa na juu yake simu moja tu.

"Nimeambiwa kuna kugawa," alisema. "Kitu chenyewe kiko wapi?"

"Hakionekani," Novatus akajibu.

"Kisichoonekana nitakishuhudiaje mimi?"

Evangelina akafungua ile ya Pasaka. Projestus akasikiliza, na ilipofika pale kwenye panga akavua kofia. Wimbo ukaisha. Akatazama migomba, akasema kwamba hiki nacho kilistahili kuwekwa kwenye mkeka siku ile, na kosa ni lake yeye mkubwa. Apewe mtoto.

Novatus akamwinamia binti yake, akamnong'oneza neno jipya la siri.

"Shahidi lazima asikie," Projestus akalalamika.

"Hili shahidi hasikii, kaka. Hata wewe."

Mzee akanuna kidogo, akazungusha kofia mikononi.

"Haya," alisema. "Basi rudisheni wimbo pale shemeji anapomtukana huyu."