Damu ya Mwenyekiti

Jumapili hiyo kanisani Kinoo, Mungai alijipiga kifua mpaka tai ikakaa upande. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanaume, na kwa wiki kadhaa alikuwa akiwasukuma wenzake wakapimwe saratani ya tezi dume. "Mimi nimeshapimwa," akasema kwenye maikrofoni. "Mwanaume ni kujikaza. Ni sindano tu." Wakampigia makofi. Mkewe Nyakio akapiga pia, maana alijua jinsi mumewe anavyoogopa madaktari, akaona kumbe mtu hubadilika.

Kubadilika wapi! Jumatatu asubuhi simu ya Mungai ililia akiwa bafuni, Nyakio akaipokea. Ilikuwa kliniki ya mjini, ile Mungai aliyosema alipimwa. Muuguzi alisikika amechoka. "Mama, mwambie mzee aje. Kipimo chake kiko juu sana, lazima achunguzwe zaidi. Tumempigia tangu mwezi jana. Anasema anakuja, haji."

Nyakio aliketi kitandani. Ina maana Baba Jackie anakufa kimya kimya na hajamwambia? Mungai alipotoka na taulo kiunoni akamkuta analia, naye akacheka. Alicheka huku akitafuta soksi.

"Wacha kulia, Mama Jackie. Hiyo damu si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya Kihara."

Kihara ni rika la Mungai. Ndiye anayeangalia nyumba zao za kupangisha kule Kangemi, na chumba anacholala amepewa na Mungai. Sasa shujaa wetu alikuwa amesikia kwamba baada ya damu daktari huingiza kidole nyuma, akafyata mkia. Akamtuma Kihara mjini atolewe damu kwa jina la Mungai na aache namba ya simu ya Mungai. Alimwambia eti ni mambo ya bima. Mtu anayelala chumba cha bure haulizi maswali mengi.

"Na umemwambia?" Nyakio akauliza.

"Nimwambie nini? Kikundi kikijua, nitaweka wapi uso?"

Uso! Mwanamume mzima, sauti ya kutetemesha spika, yuko radhi mwenzake aoze ndani ili yeye aendelee kuitwa mwenyekiti. Nyakio alimtazama kama anayetazama panya ndani ya unga. Akamtupia suruali yake.

"Vaa," akasema. "Unatupeleka."

Walimchukua Kihara Kangemi, na Nyakio akamweleza yote mlemle garini, Mungai kwenye usukani akisikia kila neno. Karibu na Westlands, Kihara akamgeukia Nyakio.

"Mzee alijua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Alijua tangu mwezi jana."

Mungai akaongeza sauti ya redio. Nyakio akanyoosha mkono, akaizima.

"Usiku naamka kukojoa kila saa," Kihara akasema. "Nikadhani ni baridi."

Walipofika kliniki mjini, Mungai alikataa kushuka, ati gari haliwezi kuachwa pale. Nyakio na Kihara wakaingia wawili. Kihara alitolewa damu tena, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Kisha daktari akamchunguza kwa kidole, kile kidole alichokikimbia mwenyekiti, na Kihara akatoka akifunga mkanda kabla Nyakio hajamaliza chai ya kwenye kikombe cha karatasi. Angerudi wiki hiyohiyo kutolewa kipande cha nyama kikapimwe. Daktari hakuahidi kitu. Alisema huenda wamewahi, lakini huo mwezi uliopotea haukumpendeza hata kidogo.

Walipotoka, Mungai alikuwa amefunga milango yote. Aliteremsha kioo kidogo, kiasi cha kupitisha mkono.

"Wamesemaje? Jina langu wameliondoa?"

Nyakio alijisikia aibu kwamba aliwahi kumlilia mtu huyu. "Wameliondoa," akasema. "Kwa hivyo wewe hujapimwa. Huna majibu yoyote, mazuri wala mabaya."

Mungai akatazama mlango wa kliniki. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye kola.

Kihara alipitisha mkono kwenye ule upenyo wa kioo, akafungua mlango kutoka ndani, akausimamia wazi.

"Shuka uingie, mzee," akasema. "Mimi nitakulindia gari."